Fungu Lisilofunguliwa

Jumanne, 3 Desemba
Sijamwambia mtu. Kila asubuhi ninaposema naenda kutafuta kuni, napanda kilima kilicho nyuma ya mji wetu wa Laare. Napanda tu. Hakuna mgeni anayekijua. Juu kuna nyasi na upepo, na hakuna wa kuniuliza nitafanya nini sasa shule imeisha. Kuni naokota nikishuka.

Leo nilimkuta mtu. Mutuma, mnunuzi wa miraa. Meno ya kijani. Alitema majani yaliyotafunwa karibu na mguu wangu. Kinyaa! Akaninyooshea kijiti. "Kula, mrembo. Ama mwalimu alikukataza?" Niliona haya kukataa. Nikapokea, nikatafuna. Chungu. Nikatema nyuma ya jiwe, nikakimbia.

Alhamisi, 5 Desemba
Yuko tena. Anatema, anacheka, anajifuta kwa kiganja. Nimerudi bila kufika juu.

Jumamosi, 7 Desemba
Wazee wawili wameleta ncoolo, fungu la miraa la kuposa, limefungwa kwa majani ya mgomba. Limetoka kwa Mutuma. Wamemwambia Baba kwamba nilishapokea miraa mkononi mwake, basi nimekubali. Nimekubali! Baba akilifungua, posa imepokelewa.

Liko mezani, karibu na birika la chai. Siwezi kula kwenye meza hiyo. Mama hanitazami. Najichukia. Mdomo gani huu, unaojua kutafuna na haujui kusema?

Jumapili, 8 Desemba
Tuliporudi nyumbani kutoka kanisani Baba aliniita. "Kendi, nifungue?"

Sijawahi kumwambia Baba hapana. Nikatazama sakafu.

"Wazee wanangoja, mama."

Nikasema sitaki. Sauti ilitoka kubwa, kuku wakakimbia mlangoni.

"Na si ulipokea?"

"Nilipokea kwa haya. Nikatema."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavaa kofia, akalibeba fungu. Amelirudisha mwenyewe, halijaguswa kamba.

Jumatano, 11 Desemba
Nimepanda kwa upande wa miiba, ambako pikipiki ya Mutuma haifiki. Juu nimekuta matafuno yake, makavu, yamejaa nzi. Nimeyafukia huku nimeziba pua. Nikanawa mikono kwa umande, mara nyingi.

Kisha nikakaa. Ukungu. Hakuna aliyekuja.

Kama siku moja kuna atakayesoma hapa, tafadhali. Mama anajua nilikwenda kuni. Mwache aendelee kujua hivyo.