Mgongo Mkavu

Jumamosi, 5 Oktoba 1974

Nimerudi Ihanja kutoka mjini na basi la saa tisa, vumbi mpaka kwenye meno. Lakini nimeipata! Chupi ya mpira ya Simeoni, ya kuvalishwa juu ya nepi.

Bibi Nurjehan, mke wa mwenye duka, alinitandikia aina tatu. Ya plastiki, ya vishikizo pembeni — nyepesi, ila alisema mwenyewe jua la huku litaipasua kabla ya mwezi. Ya nailoni, ya kufunga kwa kamba — laini, nzuri sana. Akamimina maji ndani tuijaribu. Baada ya kitambo tone likachungulia kwenye mshono. Tone moja tu! Nikairudisha upesi. Ya tatu mpira mzito, lastiki kiunoni na mapajani, inanuka kama tyubu ya baiskeli. Maji yalitulia humo kama kwenye bakuli. Hiyo hiyo.

"Lakini usimwachie kutwa, mama," akaniambia. "Fungua, tazama." Ndiyo, nikajibu. Nani ana maji ya kufungua na kutazama mwaka huu? Visima vyenyewe tunakwangua matope.

Hakujua kwa nini naogopa tone moja. Anastasia wangu alikufa Julai mwaka juzi, kichomi, ana miezi mitano. Asubuhi ile nilimkuta amelowa chapachapa na upepo unapiga dirishani. Watu walisema kazi ya Mungu. Mimi najua ni ile nepi. Simeoni ametimiza miezi minne juzi. Naogopa kuhesabu.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani niliomba kitu kimoja: Simeoni abaki mkavu. Nikasahau hata kumwombea Laurian, mume wangu, aliyeko relini Itigi.

Mama mkwe ameinusa ile chupi. Akauliza nimemvika mjukuu wake tairi, na gari litaondoka lini? Nilicheka na mimi. Kidogo.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku ya kwanza shuleni na chupi ya mpira. Nilifundisha hesabu darasa la nne, mtoto mgongoni, mpaka kengele ya mwisho. Sikulowa! Mwezi uliopita nilikuwa naandika ubaoni huku watoto wanachekea kanga yangu. Leo kimya. Mwalimu mkuu, Bwana Bonifasi, ameniambia naona umepata dawa.

Nepi nne za kufua. Lastiki imeacha alama mapajani. Nimepaka mafuta ya samli.

Jumatano, 9 Oktoba

Joto kali. Simeoni anacheua sana, na mwili una moto kidogo. Meno labda? Mama mkwe hayupo wa kuulizwa — anatoka alfajiri kwenda shamba la kijiji, akirudi giza limeingia na mtoto amelala.

Ila mpira huu, jamani! Mgongo mkavu kabisa. Nepi mbili tu za kufua, nusu ndoo imetosha. Nimeanza kupumua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nepi moja! Nayo unyevu tu.

Simeoni amelala kutwa, hakulia hata mara moja. Walimu wenzangu wamemsifu, mtoto mpole. Amenyonya kidogo akatapika. Mgongo mkavu. Najiambia vizuri, vizuri. Mbona moyo unanidunda?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nipo zahanati. Naandika kwa kusimama, daftari kwenye ukingo wa dirisha, nisije nikapiga kelele.

Asubuhi mama mkwe hakwenda shamba, mguu umemvimba. Akampokea Simeoni ili nioge. Nilipotoka, kiganja chake kilikuwa juu ya kichwa cha mtoto. Utosi umebonyea. Umebonyea kabisa, kidole kinakaa!

"Mama Simeoni, huyu amekojoa lini?"

Sikujua. Mimi mama yake, nimembeba siku nzima, sikujua! Akaivuta ile chupi, akaitupa nje. Ndani nepi ya jana usiku, kavu, imekunjwa kama nilivyoikunja.

"Sisi mgongo ulikuwa unatuambia," akasema. "Ukilowa tunanung'unika. Usipolowa tunakimbia."

Tukakimbia. Yeye na mguu wake.

Bwana Antipasi, mganga wa hapa, amefinya ngozi ya tumbo. Ilibaki imesimama, haikurudi. Amesema mtoto amekauka maji. Amechemsha maji, akatia sukari na chumvi, kijiko kimoja kimoja, na titi kila akikubali. Akikojoa kabla ya saa tisa, tunabaki. Asipokojoa, tunapanda gari la misheni kwenda mjini, wamtie maji kwenye mshipa. Nikamuuliza atafika? Akasema endelea na kijiko.

Saa saba. Vijiko arobaini. Ametapika mara mbili. Machozi hayatoki akilia, na kulia kwenyewe kwa shida.

Mama mkwe amenivua kanga, akamweka Simeoni mgongoni mtupu, bila nepi, bila kitu, ngozi kwa ngozi, akatufunga. Anamlisha kwa kijiko huko nyuma. Mimi kazi yangu ni kusikia tu kama mgongo unalowa.

Saa nane. Mkavu.

Jumapili niliomba abaki mkavu. Nimepewa. Ee Mungu, sikujua ninachoomba! Nirudishie kanga zangu zinazonuka. Watoto wa darasa la nne wacheke mpaka waanguke.

Saa nane u nusu. Mkavu. Gari limeshafika, dereva anakunywa uji kivulini. Bwana Antipasi anaandika barua ya kwenda nayo mjini.

Joto! Chini ya kiuno, kushoto. Nimemwita mama mkwe, akaingiza mkono. Amesema hilo jasho lako, mwanangu.

Dereva amewasha gari. Nimewaambia subirini. Simeoni amejinyoosha miguu, ameguna. Mama mkwe ameacha kijiko, ameweka kiganja mgongoni kwangu na hatoi. Nimesimama, sitikisiki, nasikia maji ya moto yanateremka mgongoni.