Pumzi Iliyopimwa Upya

Skuta, Nyeri

Dada yangu Nekesa,

Kwanza niambie kama goti lako limekubali kupanda njia ya kisimani. Hapa mahindi yangali machanga. Huko kwetu nadhani mmeshaanza kuchoma. Mimi bado nakohoa, lakini leo naandika nikicheka. Tumeshinda!

Unaukumbuka mtambo wa kusaga kokoto nilikofanya kazi miaka ile yote. Kampuni, ya wageni, ilitupima mapafu kwa mashine ya kupuliza. Mimi na Tom, fundi Mzungu wa umri na urefu wangu, tulitoa pumzi sawasawa. Yeye aliambiwa ni mgonjwa, akapelekwa kwao kutibiwa. Mimi niliambiwa ni mzima, nikarudishwa kwenye vumbi.

Mwaka huu Daktari Kendi, anayenitibu kikohozi, alinionyesha sababu. Fomu iliuliza rangi ya mtu. Ukiandika Mwafrika, mashine inashusha kiwango cha pumzi inachokitarajia, na upungufu wako unaitwa kawaida. Na sikiliza, Nekesa. Fomu za wenzangu wote nilizijaza mimi, kwa kuwa nilisifiwa mwandiko, na kwenye kila moja niliandika MWAFRIKA kwa herufi kubwa, kwa fahari.

Nilimfuata Kariuki, mwenzangu wa mtamboni, kwenye kabichi zake sokoni Karatina, nikamwomba msamaha.

"Ati nini? Kwani Mungu alitupimia hewa na kijiko?" Alicheka hadi akakohoa. "Mzee Wafula, wacha kulia. Si unajua kuandika? Andika tena!"

Nikaandika barua ya kudai fidia kwa ajili yetu sote. Tulipimwa upya bila swali la rangi, na Jumanne tukaitwa mbele ya jopo la fidia. Wakili wa kampuni alidai tulizaliwa na pumzi ndogo. Kariuki akasimama.

"Mheshimiwa, mimi nilizaliwa nikipiga kelele. Uliza mama yangu, yuko hapa."

"Ni kweri!" akaitikia bibi kizee kutoka nyuma. "Hata majirani waliamka!"

Hata wakili alicheka. Kisha uamuzi ukasomwa: maradhi ya vumbi la mawe, yaliyotokana na kazi, kwetu sote. Na walio mtamboni sasa watapimwa kwa kiwango kimoja, awe Mzungu, awe Mwafrika kutoka Wang'uru. Mapafu yangu hayatarudi, najua, lakini siku hiyo nilitembea hadi nyumbani nikipumzika mara nne, na kila nilipopumzika nilitabasamu.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu Simiyu, na shangazi yetu Naliaka, ambaye kila Krismasi husema nasingizia kifua ili nisishike jembe. Nimeambatisha nakala ya uamuzi. Msomee polepole, kwa sauti.

Ni mimi kaka yako Wafula, mgonjwa halali.