Chai Ambayo Mzee Tonui Hakumiminiwa

Mpendwa Mama,

Mzee Arap Tonui alirudi mjini Jumanne iliyopita. Aliingia kwako, akaketi karibu na mlango mahali pake pa siku zote, akavua kofia akaiweka mezani, akangoja chai. Hakupewa. Akainuka akaenda zake. Mimi nilikuwa stoo nikipokea maziwa, na tangu siku hiyo sijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nasema "kwako" kwa mazoea. Pale si kwako tena. Ulipotuacha nilijaribu kuiendesha hoteli peke yangu, nikajikaza miezi kadhaa, halafu mwenye jengo naye akafariki. Mtoto wake akaja kutoka Thika na fundi na mipango. Alinieleza kwa heshima, hata soda alininunulia. Alisema jengo litawekwa vioo na kodi itapanda. Tena kuna kampuni ya Nairobi inayouza kahawa, yenye matawi kila mji, na ilitaka vyumba viwili vya mbele: chetu na duka la nguo la Mama Njeri. Mama Njeri alihamia Kipkelion kwa dada yake. Mimi sikuwa na pa kuhamia, kwa hiyo kampuni ilipotangaza kazi niliomba, wakanichukua. Ndiyo, Mama. Binti yako anavaa aproni nyeusi na kofia yenye nembo, na anasimama pale pale ulipokuwa ukisimama wewe. Najua ungecheka kwanza, kisha ungenyamaza.

Nisiwe mwongo, pamependeza. Mashine ya kahawa imewekwa mahali palipokuwa jiko, inang'aa utadhani ni ya kuonyeshwa tu. Choo kinanukia sabuni. Mshahara unaingia tarehe yake. Wanafunzi wa chuo huja na laptop zao wakakaa na kikombe kimoja tangu asubuhi hadi mchana, wala hakuna anayewagusa. Na hakuna moshi. Nikikumbuka kifua chako cha miaka ya mwisho, ulivyokuwa ukikohoa huku umeshika ukuta, naipenda ile mashine, halafu naikasirikia kwa nini ilichelewa kuja. Kuni zile zilikumaliza na sisi tulikuwa tunasifu chai.

Lakini wale wanafunzi, Mama, wangekukoma. Wewe mtu akikaa sana ulimwekea kisu na beseni la viazi mbele yake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," ulikuwa ukisema, na yule aliyekuja kupumzika anajikuta anamenya viazi vya chakula cha mchana. Hakuna aliyenuna. Kuna mwalimu mkuu alimenya nusu beseni akiwa amefunga tai, na Mama Njeri alicheka mpaka akaacha duka wazi.

Menyu hukuwa nayo. Ulikuwa na sufuria moja, ile kubwa, maji na maziwa pamoja, majani ukitia kwa kiganja na kuangalia rangi. Mtu akiketi, kikombe kinafika. Asiyetaka kuongezwa anakigeuza kikombe juu chini, na hapo hakuna neno. Sufuria ikiisha, watu wote waliokuwa ndani walingoja pamoja mpaka nyingine ichemke, na katika kungoja huko ndiko nilikojulia habari zote za Bomet: bonasi ya majani ya chai imekuwaje, ng'ombe wa nani amezaa pacha, binti wa nani ameanza kuangaliwa na ukoo gani. Leo kila mtu ana kikombe chake kilichotengenezwa peke yake, na jina lake limeandikwa juu kwa kalamu. Hakuna anayengoja na mwenzake.

Nilikuwa bado mdogo siku ile nilipomkaribia mteja nikamwuliza kama atakunywa chai. Nilidhani nimeonyesha adabu. Ulinivuta mpaka nyuma ya pazia la jikoni ukanishika sikio. "Kwetu mgeni haulizwi," uliniambia. "Ukimwuliza umemwonyesha njia ya kutoka. Na akiwa amelelewa vizuri atasema hapana, halafu atarudi kwake na kiu, na aibu itakuwa yako." Yule mteja kweli alikuwa amesema hapana. Ulimpelekea chai hata hivyo, akainywa yote akaongezwa.

Mama Njeri alinihadithia kwamba siku yake ya kwanza Bomet, akiwa hajui mtu, aliingia kwako kuuliza njia ya sokoni. Kabla hajamaliza swali alikuwa na kikombe mkononi. "Nilifikiria amenichanganya na mtu wake," alisema. "Kumbe ndiyo nimekuwa mtu wake."

Na Mzee Tonui ndiye alikuwa wa kwanza kuwa wako. Alileta maziwa kutoka kijijini kwake Merigi kwa baiskeli alfajiri, kabla jua halijashika mashamba ya chai, akakaa mlangoni akamiminiwa kikombe cha mwanzo. Kila siku alilalamika kwa maneno yale yale.

"Mama Chela, hii chai iko na moshi."

"Moshi ni ya bure, mzee. Kunywa."

Ulipofariki ndiye aliyeleta maziwa ya matanga yote, na maziwa ya mgando, mursik, kwenye kibuyu kwa wazee waliotoka mbali. Baada ya hapo mguu ukamsumbua, na maziwa akaanza kuyauza kule kule kijijini. Hakuwa amekanyaga mjini tangu tukuzike. Kwa hiyo alipokuja Jumanne, hakuja kununua kitu. Alikuja kukaa pale alipokuwa akikaa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kama nilivyoelezwa. Lori la maziwa ya paketi lilikuwa limefika, nami nikaingia stoo kuyapanga. Nilipotoka niliona kwa kioo mgongo wa mtu mrefu akivuka barabara polepole, akivuta mguu, na kofia ile ya pamba ikiwa bado mkononi. Moyo ulinipasuka kabla ya akili kufahamu. Nikamwuliza Sharon, msimamizi wetu, yule ni nani.

"Ni mzee tu alikuwa amekaa hapo mlangoni," akasema. "Amekaa sana. Nikamuuliza kama ataoda kitu, akaniambia ako sawa."

"Alisemaje hasa?"

"Alisema, 'Asante mami, mimi niko sawa.' Nikamuuliza, hata chai? Akasema, 'Hapana, usijisumbue.' Si nikamwacha? Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

Unasikia, Mama? Alisema hapana mara mbili. Alisema vizuri kabisa, kama mtu aliyelelewa, halafu akakaa kungoja chai yake.

Sharon si mtu mbaya. Amekulia Nairobi, na kampuni imetufundisha sote kuuliza: kikombe kidogo au kikubwa, maziwa ndani au kando, sukari ya kawaida au ya kahawia. Nilijaribu kumweleza.

"Aii, Chela. Kwa hivyo hapana ni ndio?"

"Kwa chai, ndio."

"Na angejuaje mtu?"

Kama Sharon angekuwapo siku zile, ungemvuta sikio nyuma ya pazia, akajua, yakaisha. Mimi siwezi kumvuta sikio msimamizi wangu. Nilitoka mbio na aproni yangu mpaka kona ya soko, nikaita, watu wakageuka isipokuwa yeye. Alikuwa ameshaenda.

Alhamisi ni siku yangu ya kupumzika. Nilichemsha chai nyumbani, maziwa mengi, nikaitia kwenye chupa ya chai, nikaenda Merigi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta anafunga waya wa boma, mguu mmoja ameunyoosha kando. "Chamgei, mzee," nikamsalimu. Aliinuka kwa shida, akanishika mikono yote miwili na kunipeleka ndani. Kogo, mkewe, aliponiona tu akapotelea jikoni. Sikuulizwa neno. Hata sijakaa vizuri, kikombe kilikuwa mbele yangu, na ile chupa yangu nikaisukuma chini ya kiti kwa mguu. Niliona haya, Mama. Nimebeba chai kupeleka kwenye nyumba ya chai!

Nilipomaliza kunywa nikasema nimekuja kwa sababu ya Jumanne. Mzee akatikisa kichwa.

"Yule msichana hana makosa. Aliniuliza, mimi nikasema hapana. Nikangoja."

"Ulingoja nini, mzee?"

"Si aniletee." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikaisha. "Nikaangalia ile ukuta, nikaona jiko haiko. Mashine tu. Nikajiuliza, sasa mimi nangoja nani hapa?"

Kogo alikuwa amesimama mlangoni na birika.

Nikamwambia arudi. Nikamwambia nitakuwepo, nitamwona akiingia, nitammiminia mwenyewe kabla mtu hajafungua mdomo.

"Hautaniuliza?"

"Sitakuuliza."

"Na hiyo kampuni yako, haitakuuliza wewe?"

Hata asiyefanya kazi pale anajua itauliza. Kila kikombe kinapita kwenye mashine ya risiti, na kamera iko juu ya kaunta. Akanigusa bega. "Usipoteze kazi juu ya kikombe, mtoto wa Mama Chela. Mimi nakunywanga hapa kwangu. Bomet sina kitu nafuata tena."

Hilo ndilo lililonimaliza. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyoweza kusema mvua imekatika. Yule mzee alikuwa na mahali pamoja katika mji mzima, karibu na mlango wako, na sasa hana, na anayesimama hapo kila siku ni mimi. Nimepima kila upande nimwone wa kumlaumu. Mtoto wa mwenye jengo ana mali yake. Kampuni inauza inachouza, na watu wanakuja wenyewe. Sharon aliuliza kwa upole. Wote wana haki, na Mzee Tonui amerudi kwake na kiu. Ulisema aibu huwa ya mwenye nyumba. Nyumba si yangu, Mama, lakini aibu nimeibeba mimi.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka langoni. Tulisimama tukiangalia ng'ombe wake wawili. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Ile sufuria ya mama yako ilienda wapi?"

"Iko kwangu. Naweka mahindi ndani."

"Imetoboka?"

"Hapana."

"Haya," akasema, akarudi kwenye waya wake.

Ni hayo tu. Sijui alitaka niyaelewe vipi. Chumba sina, na barabara kuu kodi yake siiwezi hata nikiuza vitu vyangu vyote. Nilimpigia Mama Njeri nikamsimulia. Akasema, "Woi, yule mzee. Alikuwa ananiambia nguo zangu ni ghali kila asubuhi." Akaanza kulia. Nikalia naye, na salio langu likaisha tukiwa tunalia.

Asubuhi hii, kabla ya kwenda kazini, nilimwaga mahindi kwenye gunia. Niliitoa sufuria nje nikaisugua kwa majivu kama ulivyonifundisha, nikizungusha mkono upande mmoja tu. Ndani ilitakata. Weusi wa chini haukutoka, nikauacha. Nikawasha kuni, si gesi, na macho yakaanza kuniwasha hapo hapo. Nilitaka kuchemsha kidogo, kikombe changu tu, lakini sufuria ile haina kidogo. Maji yalipanda, maziwa yakafuata, majani nikatia kwa kiganja nikaangalia rangi. Ikatoka ya watu wengi na mimi niko peke yangu.

Nilipeleka kwa jirani wa kushoto, nikapeleka kwa wa kulia, na yule anayechuma majani ya chai ng'ambo ya ua nikamwita akaja na kikapu mgongoni. Hakuna niliyemwuliza. Wa kulia alionja akasema, "Chela, hii chai iko na moshi," na hajui amesema nini. Nilijifanya nafuta macho kwa ajili ya kuni.

Lala salama huko uliko, Mama, penye jiko lisilokohoza. Sijui sufuria itapata mahali gani pa kukaa, na Jumanne nitaingia kazini kama kawaida, niwaulize watu wanataka nini. Lakini vikombe vilipokwisha kugawanywa kilibaki kimoja, nikakiweka kwenye kigoda karibu na mlango.

Nimekumiminia. Sikukuuliza.

Kifungua mimba wako,
Chela