Karatasi ya Tauno Kwenye Friji

Shoga, kitendawili! Daraja lisilojengwa na fundi, jua likiwaka linabomoka. Ndiyo, barafu ya ziwa letu.

Sasa sikia ya kaka yangu Tauno. Binti yake Kirsti kanipigia sasa hivi.

Kampelekea mkate asubuhi, akamkuta tayari kwenda kuvua. Keekee ya kutobolea barafu ipo, misumari ya kujivutia juu ya barafu akizama kaitundika shingoni, na barafu kaipima jana: sentimita kumi na tano. Yote sawasawa!

Mara akaona karatasi kwenye friji: "Niko mbele ya kisiwa. Nisiporudi saa nane, ita watu."

"Baba, nani ataita watu? Unaishi peke yako! Umemwandikia nani?"

Tauno anafunga buti.

"Ukizama je? Mimi nina simu, mzee! Umemwandikia nani?"

Shoga, buti lile lile akalifunga mara tatu! Na wifi yangu tumemzika tangu vuli.

Kirsti akavua koti, akaketi mlangoni. "Huendi mpaka unijibu."

Ndipo akasema, polepole: "Mama yako. Nikiondoka bila kumwandikia, naona kama hakuna anayenisubiri."