Goti la Kulia

S.L.P. 41,
Dubrava, Nebraska.
6 Oktoba 2024.

Mpendwa ndugu yangu Milo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya huko Alaska bado haijaanza kuwatesa, na kwamba mgongo wako umetulia tangu ule upasuaji ambao dada yako Darlene alinisimulia. Mimi sijambo kwa umri wangu, ila magoti. Mke wangu Verlene anakusalimu, anauliza kama bado unakula kachumbari ya kabichi au Alaska imekufundisha kula samaki tu.

Mahindi yamekauka vizuri mwaka huu na mashine za kuvuna zimeshaingia mashambani. Ukumbi wa Wacheki umepakwa rangi upya, rangi mbaya ya njano ambayo kila mtu anailaumu na hakuna anayekubali kuwa aliichagua.

Nimezunguka vya kutosha. Ninakuandikia jambo la aibu, na aibu hiyo ni yangu.

Shule yetu inatimiza miaka mia ya mpira wa Kimarekani. Kamati iliundwa kuchagua safu bora ya mbele ya nyakati zote: sisi wa 1974, wale wa 1998, au hawa wa 2019. Unajua Dubrava ilivyo. Kwingine wanabishana juu ya mrushaji na mkimbiaji. Hapa wanabishana juu ya wale watano wa mbele, ambao hawaimbwi na mtu, kazi yao kusukuma na kumkinga mrushaji. Mimi nikawekwa kwenye kamati kwa kuwa nilicheza katikati, nikiwa mwanzisha mpira na mtoa ishara wa wenzangu, na kwa kuwa nina mdomo.

Kila Jumanne tulikaa ukumbini na kahawa na kolachi, ile mikate yetu mitamu, za mbegu za popi, tukitazama filamu na kumpa kila mchezaji alama kwa kila mchezo, yaani kila mpira unapoanzishwa, jumlisha au toa, kama kocha wetu wa zamani alivyofanya. Kelele zake ungezipenda. Brandt Ostrander, aliyecheza katikati mwaka 1998 na sasa ndiye anayefundisha safu hiyo, alisema sisi tulikuwa vijiti. Harlan, mwenzetu wa 1974, akamjibu, "Vijiti? Sisi tulikuwa na ratili mia na tisini, na viganja tumekatazwa kutumia! Bega tu, bwana. Nyinyi mlikuwa mnawashika watu kama mnacheza dansi ya polka!" Brandt akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Ukweli ni kwamba wa 1998 walikuwa wazito na wakali, wakimpata mtu wanamzika. Wa 2019 ni warefu, wanarudi nyuma kwa hatua fupi fupi na mikono mbele, hawaanguki ovyo. Sisi tulikuwa wadogo, lakini tulitoka wote watano kwa pumzi moja.

Kisha tukatakiwa kumchagua mtu mmoja mmoja kwa kila nafasi. Lilipotajwa jina lako kwa nafasi ya kushoto kabisa, mimi, Milo, mimi mwana wa mama yako mkubwa, ndiye niliyesema, "Milo tumwache. Fainali alituponza." Wote wakaafiki. Nani angebisha? Mji mzima unajua kwamba Milo Vondracek alimpa mgongo mtu wake, na mrushaji wetu Gaylen akavunjwa mguu, na kombe likaenda.

Wiki iliyofuata mjane wa kocha alihama, na kwenye ghala la chini ya nyumba yake ikaonekana filamu ya pili ya fainali ile. Ile tuliyoizoea ilipigwa kutoka ubavuni. Hii ilipigwa kutoka nyuma ya goli.

Brandt akanionyesha kwa kidole kwenye picha, akasema, "Hebu rudisha. Tena. Mzee Lumir, hilo goti unaligusa la nini?"

Nikasema, "Nilikuwa najikuna."

Watu wakacheka. Hata hapo, na miaka yangu sitini na saba, bado nilikuwa najificha. Brandt hakucheka. Akasema, "Mimi nimecheza katikati miaka minne. Mpira ukiwa mkononi hujikuni, mzee wangu."

Wewe unajua, na umejua miaka hamsini, lakini acha niandike kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye duara la kupanga mchezo nilitangaza kwamba sote watano tunakinga kushoto, na mkimbiaji aangalie kulia. Tulipofika mstarini nikaona lile jitu lao limehamia kulia kwangu. Niliogopa, Milo. Nikataka msaada. Nikagusa goti la kulia, ishara ya wote kugeukia kulia, na kwetu goti lilikuwa linashinda mdomo. Wewe ukaliona ukatii, ukamwacha mtu wako kama sheria ilivyotaka. Mkimbiaji hakuliona. Kushoto hakukubaki mtu.

Nilijua kabla Gaylen hajaacha kupiga mayowe. Nikangoja uniseme, hukunisema. Kwa sababu watu wa safu ya mbele hatutajani mbele ya wengine, kosa la mmoja tunalibeba wote. Ila lile ulilibeba peke yako, nami nikatembea mikono mitupu. Walipoanza kukuita Mlango Wazi dukani na kanisani, nilikaa kimya, na mara moja, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Ulipoondoka nilisema ni mambo ya kazi.

Kuna baya zaidi. Pasaka moja mama mdogo Albina alinisimamisha kwenye ngazi za kanisa, akaniuliza, "Lumir, wewe ulikuwa karibu. Kweli mwanangu alimwacha yule kijana avunjwe?" Nikamjibu, "Ndivyo ilivyokuwa, mama mdogo." Akanishika mkono, akanishukuru kwa kutomficha.

Jumanne ile nilisimama nikawaambia yote. Gaylen alikuwepo, na fimbo yake. Akasema, "Yaani miaka hamsini nimemsamehe mtu asiye na kosa. Sasa nianze upya na wewe? Nimeshazeeka, Lumir." Akachukua kofia yake akatoka. Hajanisalimia tangu siku hiyo, na sina la kumlaumu.

Kamati imeichagua safu ya 1998, nami naona ni haki. Lakini katika orodha ya mmoja mmoja, nafasi ya kushoto kabisa ni yako, kwa kura zote. Jina langu nimeomba wasilifikirie. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi yako ya alama ya fainali. Michezo sitini na mmoja, sitini jumlisha, mmoja toa. Hiyo toa nimeikata kwa kalamu nyekundu nikaihamishia kwenye karatasi yangu, na Brandt ametia sahihi.

Sherehe ni Jumamosi tarehe 19. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uje. Darlene ameshatandika kitanda.

Wasalimie shemeji Ingrid na wajukuu wote, hasa yule mkubwa anayeitwa jina la baba yako. Harlan anakusalimu, na Brandt pia, ambaye hajawahi kukuona ila kwenye filamu na anasema hatua zako za miguu atawaonyesha vijana wake. Mungu akulinde njiani, akufikishe hapa ukiwa mzima.

Ukifika, usianzie kwangu. Nilikwenda makaburini kumwambia mama mdogo ukweli, nikasimama pale, nikashindwa kufungua mdomo. Neno hilo ni lako kumpelekea. Mwambie Lumir amekiri.

Ndugu yako akupendaye, ambaye hakustahili kimya chako,

Lumir