Kwa Nini Sajini Doru Haendi Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza gemu ya Chuma, sehemu ya nne, tena. Mara ya sita. Gatongora nzima hakuna mtu ananikaribia, na rafiki yangu Brayo akipata hii daftari asome hapo mara mbili.

Leo kibandani (ni cha Baba Shiro lakini mimi ndio naendesha gemu zote) Brayo ameuliza swali. Sajini Doru, yule askari unamcheza, amepigana na mashini sehemu ya kwanza mpaka ya nne. Sayari moja ikiisha anapelekwa ingine. Sasa ana mvi na goti bovu. Mbona huyu mzee haendi nyumbani?

Nikamwambia ni kisasi. Walimuulia ndugu. Kila mtu akakubali. Mimi ndio profesa wa hiyo gemu.

Jumanne, 4 Machi

Kimani amefika! Kaka yangu mkubwa, mwanajeshi, miaka tisa sasa. Nimemtembeza mtaani kama kombe. Amekonda. Anachechemea, anasema ni baridi.

Ijumaa anarudi kambini kusema kama anaongeza mkataba ama anatoka. Anaongeza, ni lazima. Nimeshaambia watu. Mama yetu, mathe, ameambia kanisa, wakamwombea wamesimama.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Wacha niandike haraka iishe.

Nilimpeleka Kimani kibandani, nikampa pad ya kuchezea, nikamwekea Chuma ya nne. Ni mbovu ajabu. Anatembeza Doru pole pole kama mtu anaogopa kukanyaga miche ya sukumawiki. Vijana walicheka. Nikavumilia.

Halafu Doru akakaa chini na fundi wa chombo chake cha angani, wakaanza kuongea. Nikanyoosha kidole niruke. Kimani akanishika mkono.

"Wacha aongee."

Sasa, pale kwetu hakuna mtu husikiza maneno. Unalipia nusu saa, maneno yakianza unabonyeza, unaruka, unaendelea kupiga. Ukichelewa foleni inakutusi mpaka ukoo. Mimi nimeruka maneno yote tangu sehemu ya kwanza. Yote. Lakini Kimani ni mgeni, foleni ikanyamaza.

Nikasoma yale maandishi ya chini. Polepole, shule niliachia kidato cha pili.

Doru hana ndugu. Hajawahi kuwa na ndugu! Yule fundi alimuuliza mbona bado anapigana. Akasema nyumbani wamezoea picha yake. Akipiga simu wanamwambia songa mbele, tunajivunia. Hakuna hata mmoja amewahi kumwambia rudi.

Brayo akanigeukia. "Kisasi, eh? Profesa!"

Kibanda kikaanguka kwa kicheko. Kimani hakucheka. Aliweka pad chini polepole, akatoka nje.

Alhamisi, 6 Machi

Sijafungua kibanda.

Picha ya Kimani na magwanda iko juu ya TV. Msumari niligonga mimi. Miaka tisa ya simu, na mimi nilikuwa namwambia nini? Wapige hao, bro. Hiyo tu.

Naogopa. Nikimwambia abaki na hataki, atanichukia. Nikinyamaza aende asirudi, je?

Nilimpata nyuma ya nyumba akifua soksi. Nikasimama hapo kama mbuzi.

"Niliambia watu unaongeza."

"Nilisikia."

"Usiongeze. Rudi tu, Kim."

Hakuinua kichwa. Alisugua soksi moja, ile ile, mpaka nikadhani itaisha mkononi.

"Na mathe?"

Nikamwita. Akaja na unga wa chapati mpaka viwiko. Nikamuuliza hapo hapo kama anataka Kimani aende.

"Kwani nani aliwahi kuniuliza?" mathe akasema. "Nilijua ni yeye anataka."

"Mimi nilijua ni nyinyi," Kimani akasema.

Ngai, Mungu wangu. Wajinga watatu, na karai moja ya maji machafu. Mathe akalia, akajipaka unga uso mzima.

Lakini Kimani hakusema atafanya nini.

Ijumaa, 7 Machi

Kimani ameenda kambini asubuhi. Simu imezimwa. Chapati haishuki. Brayo amenipiga tano bila kwa gemu ya mpira, hata sikumtukana. Akaogopa, akaniuliza kama ni mgonjwa.

Saa kumi ujumbe ukaingia: "Nimetoka. Niwekee chai."

Nimeruka nikavunja kiti ya Baba Shiro. Nitaitengeneza. Kwanza nilie kidogo. Hakuna mtu anaona.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Kesho Kimani anaenda Thika, Eneo la Viwanda, kuna kiwanda cha juisi kinatafuta mtu wa stoo. Akikosa, atatafuta kwingine. Hana haraka.

Picha tumetoa. Pale ukutani pamebaki rangi safi, mathe anataka kalenda.

Baba Shiro ameniazima mashini ya gemu leo. Nimeanza Chuma kutoka sehemu ya kwanza, siruki kitu. Maneno magumu Brayo ananisomea. Hiyo haitoki hapa.

Saa nane mchana. Kimani amelala kwa kochi, mdomo wazi. Hapa kwa gemu vita imeanza.

Nimepunguza sauti.