Mahari ya Laini Moja

Ijumaa, 17 Januari 2025

Nimeolewa. Ndoa imefungwa msikitini baada ya alasiri, mimi niko nyumbani Kwahani napika udi wa kufukiza, mikono inanata sukari mpaka kwenye viwiko. Kaka yangu Usi kaingia anahema, kasema tayari, mke wa mtu wewe. Nikamwambia aniletee maji ninawe.

Mahari ni simu. Niliitaja mwenyewe. Baba aliponiuliza nataka nini kwa Haroub nilisema sitaki kitanda, sitaki dhahabu, nataka simu kubwa mpya ya aina hii na hii. Alicheka mpaka akakohoa. Acheke. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo tangu Novemba, na biashara ya udi yote iko huko: picha, oda, malipo. Sasa natumia kitochi, kisimu cha vibonye. Wateja wanaomba picha, nawaambia subirini.

Haroub kaja magharibi kunipa mkono. Kanzu mpya, joho la kuazima lililompwaya. Yeye ni fundi bomba wa hoteli huko Kendwa, mikono yake mizito. Kaniwekea mkono wa kulia kwenye paji la uso akanisomea dua, akakosea katikati akaanza upya. Mtu mzima yule! Ijumaa ijayo ndiyo ataingia ndani, tumalize fungate hapa kwa baba, kisha nihamie kwake Kendwa.

Simu iko kwenye chaji. Nimeiangalia mara nyingi mno leo. Nampenda huyu mwanamme. Naliandika hapa kwa sababu kulisema siwezi.

Jumamosi, 18 Januari

Simu imekataa laini yangu.

Nimeitoa, nimeipangusa, nimeirudisha. Maneno yale yale: laini hii hairuhusiwi, ingiza namba ya kufungulia. Tumetia ya Usi, imekataa. Tumetia ya jirani, imekataa. Mke wa Usi ana laini ya Pepea — hiyo ikapokewa pale pale, na muziki juu. Kumbe simu ni ya kampuni ya Pepea na haitaki kusikia kampuni nyingine yoyote.

Na laini yangu ni ya mama, kwa jina lake na alama ya kidole chake. Namba hiyo iko kwenye kila kopo la udi tangu niko darasa la pili. Mama kafa, namba imebaki. Mpaka leo watu wa Pemba na Maskati wanapiga wanamuulizia Bi Mwatum, na mimi nawaambia mwanawe ndiye anayepika sasa, udi ni ule ule.

Nikampigia Haroub kwa kitochi. Kasema dogo hilo, tia laini ya Pepea. Nikamwambia habari ya mama. Kasema basi hama na namba yako, siku hizi watu wanahama kampuni na namba zao. Nikamwambia kuhama kunataka kidole cha mwenye laini, na mwenye kidole yuko Mwanakwerekwe makaburini. Kasema ataulizia.

Huko Kendwa kwenyewe, mke wa Usi anasema, Pepea haishiki mpaka ushuke ufukweni. Kwa hiyo nikitaka kuuza kopo moja la udi nikasimame mchangani na wazungu.

Hasira zangu huanzia kwenye taya. Zimeshaanza.

Jumatatu, 20 Januari

Nimevunja kabati la kioo la mtu.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi nimekwenda na Usi Darajani, kwenye duka la Ridhwan ambako Haroub alinunua simu. Tumekuta watu wameshajaa, wote na maboksi yale yale. Mzee mmoja wa Makunduchi anasema kwao Pepea haijafika kabisa, simu anaitumia kutazama saa. Mama mwengine analia. Ridhwan yuko nyuma ya kabati, ndevu zimechongwa, anatafuna bigijii. Anamjibu kila mtu kwa kidole: anaonesha karatasi ukutani. Mali ikishauzwa hairejeshwi.

Nilipofika mbele nilisema kwa upole, Mungu shahidi. Kasema simu hizi ni rahisi kwa sababu ni za kampuni, zimefungwa miaka miwili. Kasema nichukue laini yangu nitie kwenye kitochi, kwenye hii nitie ya Pepea, watu wengi ndivyo wafanyavyo. Nikamuuliza kwa nini nibebe simu mbili kwa mahari moja. Watu wakacheka. Na yeye kacheka.

Halafu kasema neno jengine, na hili sasa nalirudia vilevile alivyolisema: "Dada, mie mumeo nlimwambia. Nlimwambia hii imefungwa, haichukui laini nyengine. Kasema ndo n'naitaka hiyo hiyo."

Sikumbuki kuinyanyua stuli. Nakumbuka sauti ya kioo. Makava yamemwagika, chaji zimemwagika, na Ridhwan kanishika mkono kwa nguvu, ndipo Usi alipompiga. Ngumi ya kwanza mdomoni. Ya pili sikuiona, niliisikia. Mzee wa Makunduchi naye, mtu na mvi zake, kamtia teke mguuni. Damu ilikuwa kwenye ile karatasi ya mali ikishauzwa, maana kaenda kuiegemea.

Watu wa duka la nguo ndio waliotutenganisha. Nimekatika kiganja cha kushoto. Na sitadanganya, humu hakuna wa kumdanganya: niliona raha. Nilipoiona ile damu kwenye ndevu zake nilitaka Usi aendelee.

Jumanne, 21 Januari

Baba hajasema nami tangu jana. Kaangalia kiganja changu, kaondoka.

Bi Mwatima kaja kunisinga, kunisugua mwili kwa singo ya harusi. Ndiye somo wangu, ndiye aliyemfunda na mama. Singo ikaingia kwenye kidonda, nikauma mto. Kasema vumilia, bibi harusi hapigani sokoni. Nikamwambia bibi harusi ana swali.

Nikamuuliza: mahari ni yangu, nifanye nayo nitakavyo, si ndivyo? Kasema ndivyo. Nikamuuliza, na ikiwa imefungwa, mwenyewe siwezi kuitumia, na aliyenipa alijua? Hapo mikono yake ilisimama mgongoni mwangu.

"Hebu niseme polepole," kasema. "Mahari ya taslimu, isiyo ya deni, mume asipokukabidhi kama ulivyotaja, unaweza kumzuilia. Asiingie. Haki yako hiyo, hata kadhi atakwambia. Lakini mwanangu, siku akikukabidhi sawasawa, huna tena la kusimamia. Umenisikia? Huna."

Nikamwambia nimemsikia. Kaendelea kunisinga, sasa kwa nguvu zaidi, mpaka ngozi ikawaka.

Jioni nimempelekea Haroub ujumbe. Ijumaa huingii mpaka mahari yangu itimie. Nimekaa na kitochi mkononi kama mjinga, nikitumaini atasema Ridhwan ni mwongo.

Jumatano, 22 Januari

Sikio la kushoto linavuma. Ninaandika hivyohivyo.

Haroub kafika kabla ya adhuhuri. Baba yuko msikitini, Usi kazini. Mimi niko uani na sufuria ya udi motoni, sukari imeshaanza kuwa nyekundu. Kavaa nguo za kazi, katoka nazo Kendwa. Hakutoa salamu. Kasema habari imefika hotelini, wapishi wanamwita Bwana Laini Moja, hata meneja kacheka. Kasema mimi ndiye niliyemvua nguo, mimi na stuli yangu.

Nikamuuliza jambo moja tu. Ridhwan alikwambia au hakukwambia?

"Kanambia," kasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Namba ile wanayo watu wengi mno, Saadiya. Wanaume wa Maskati wanakupigia usiku na mchana. Nlijua kuhama nayo huwezi. N'nataka mke wangu awe na namba n'nayoijua mimi."

Nikamwambia ile ni namba ya mama yangu. Kasema mamako kafa, na ndivyo hasa alivyosema, kwa sauti ya kawaida tu. Nikamtukana. Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika hata humu.

Kanipiga kofi. Mkono ule ule wa dua. Nimekwenda na kichwa mpaka kwenye mwimo wa mlango, dunia ikawa nyeupe, na nilipopata macho niliona anakuja tena. Sijui alikuwa anakuja kunipiga au kuniinua. Sitajua. Nilikamata sufuria kwa kanga nikammwagia.

Udi wa moto haumwagiki kama maji, unashika. Umemshika mkono wa kulia toka kidole gumba mpaka kiwikoni. Kalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamme. Anajaribu kuubandua na ngozi inatoka nao. Na uani kunanukia vizuri, Mungu wangu, mawaridi na sandali!

Majirani wameingia. Haroub kabla hajatoka kaingia chumbani kwangu akaichukua simu juu ya kabati kwa mkono mzima. Kasema utaipata mahari yako. Usi aliporudi kaliona shavu langu, akatoka na panga, wanaume wanne wakamlalia barazani mpaka akachoka.

Nilitaka kumkimbilia Haroub na maji baridi. Miguu ilinyanyuka kabisa. Nimeizuia.

Alhamisi, 23 Januari

Baba kasema nami leo. Kasema yeye kakupiga, wewe umemuunguza, mmekuwa sawa, yaishe. Watu wameshaalikwa. Mchele umeshanunuliwa. Mume ni mume.

Sikumjibu. Nimepiga hesabu zangu kichwani: simu anayo Haroub. Mahari haimo mkononi mwangu. Basi sheria iko upande wangu, na Bi Mwatima ni shahidi. Nimeishikilia hoja hiyo siku nzima na nimelala adhuhuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Mteja wa Wete kapiga, anataka makopo. Nimemwambia udi umemwagika.

Ijumaa, 24 Januari

Nyumba imejaa wanawake. Pilau inanukia, hina imekauka miguuni, shavu nimepakwa poda mara tatu na bado linaonekana. Nilikuwa nimeketi nikisubiri mtu mmoja tu aje aseme Haroub hana mahari, harusi imeahirishwa. Nilikuwa nimeshaandaa na uso wa kusikitika.

Usi ndiye aliyekuja. Katoka Darajani. Kafunga mlango, kakaa chini, kanieleza akiangalia mkeka.

Haroub kaingia kwa Ridhwan asubuhi, mkono wa kulia umefungwa bendeji, wa kushoto una spana ya mabomba. Kateremsha mlango wa duka kwa ndani. Waliokuwa nje walisikia, wachache walichungulia upenyoni. Kamtaka namba ya kufungulia. Ridhwan kasema hana, anayo kampuni. Haroub kamlazimisha Ridhwan auweke mkono juu ya kabati, lile nililolivunja mimi, akaupiga kwa spana. Kidole kimoja. Ridhwan akasema hana, wallahi hana. Kidole cha pili — namba ikatoka. Kumbe alikuwa nayo siku zote, kwenye simu yake mwenyewe, akiwauzia watu kwa siri. Usi anasema wamemtoa Ridhwan pale kafunikwa shuka usoni, hai lakini hajitambui, haijulikani kama ni maumivu tu au na kichwa kimepigwa. Wako naye hospitali. Hasemi.

Nikamuuliza Usi kwa nini polisi hawajamkamata Haroub. Kasema wanamtafuta Kendwa.

Yuko hapa. Kaja na ndugu zake wa Kiembe Samaki, kwa dufu na vigelegele, kama bwana harusi yeyote. Nimeingia chumbani nimetia komeo, nimesogeza na kabati mlangoni.

Simu imepitishwa kwa Bi Mwatima. Kaipenyeza dirishani kutoka uani, kaiweka kwenye kizingiti. Kasema wamejaribu barazani mbele ya mashahidi wale wale wa ndoa: laini ya Usi imekubali, ya jirani imekubali, ya yeyote itakubali. Nilimtazama. Nilimsubiri aseme neno la kunisaidia, yeye ndiye mwenye sheria. Kasema tu, "Saadiya, nlikwambia."

Iko pale. Imewaka. Kwenye ukingo wa kioo kuna alama ya kidole, nyekundu iliyokauka, mtu kajaribu kuipangusa hakumaliza.

Baba ananiita. Kila siku ya maisha yangu akiniita naitika naam kabla hajamaliza jina. Leo kaniita mara ngapi sijui, sijaitika. Anasema mahari yako imetimia mwanangu, sema umepokea, neno moja tu, watu wanasubiri. Wanawake wameacha kuimba.

Halafu Haroub. Kaja karibu na mlango, sauti ya chini, si ya hasira. Anasema, "Saadiya. Nshafanya ulichotaka."

Na kweli. Hilo ndilo linaloniua. Jumatatu nilisimama nimelowa jasho nikitaka Ridhwan aumizwe zaidi, na kaumizwa. Nilitaka simu ifunguliwe, imefunguliwa. Namwogopa huyo mtu, na sababu yangu ya kumzuilia kaimaliza kwa kuniletea simu dirishani.

Nimeitoa laini ya mama kwenye kitochi. Ninayo kiganjani, juu ya kidonda. Nikiitia kwenye simu, nimepokea.

Wameanza kuusukuma mlango. Si Haroub, nafikiri ni ndugu zake, yeye hana mkono wa kusukumia. Baba anawaambia polepole, polepole, lakini hawaambii waache. Kabati linasogea. Mchi wa kinu niliuingiza humu tangu asubuhi, sijui nilijua nini; sasa uko mapajani mwangu.

Bawaba ya juu imeachia. Simu sijaigusa bado